Ombasha, Kichwa cha Watu Kumi

Mke wangu nilimpata kwa majembe ya watu kumi na kwa miguu yangu miwili, na nusura nimkose kwa sababu ya firigisi ya kuku. Anayetaka kucheka acheke. Huku Handeni kuna watu wamekosa wake kwa vitu vidogo kuliko firigisi.

Wakati huo Mwingereza ndiye mwenye nchi, na mimi nilikuwa mkata mkonge kwenye shamba moja nje ya Korogwe. Shule niliijua kwa nje tu, nikipita na mzigo begani, nasikia watoto wanaimba herufi zao, nami naimba zangu. Baba yangu alikuwa Mrangi, aliletwa kutoka Kondoa kuja kukata mkonge, akaukata mpaka akafa, akazikwa hapohapo kambini. Mama akamfuata mwaka uleule. Nikabaki peke yangu, sina mjomba, sina shangazi, sina hata mbuzi wa kusema huyu tumezaliwa naye. Nilichobakiwa nacho ni mdomo. Lakini mdomo wenyewe, bwana, ulikuwa ukitoka Korogwe asubuhi unafika Mpale mchana, unageuza na habari mpya.

Yule binti nilimwona sokoni, karibu na stesheni ya Korogwe. Alikuja na mama yake kutoka Sindeni, wanauza kunde na kuku. Nikasogea, nikasema, "Dada, mbona kuku wako ananitazama kama ananijua?"

Akanitazama kuanzia miguuni. Mkata mkonge mnamjua, ngozi yote mikwaruzo, utafikiri kagombana na chui mia. Akasema, "Hakujui. Anashangaa mtu aliyekwisha kuchunwa bado anatembea."

Mama yake alicheka mpaka akakalia tenga la nyanya la jirani. Mimi nikajua hapohapo kwamba nimepatikana. Nikamnunua kuku yule. Jumapili iliyofuata nikanunua mwingine. Mpaka miezi mitatu inakwisha, kambi yetu ilikuwa na kuku wengi kuliko wakata mkonge, na mtu ukitaka kutoka nje alfajiri unakanyaga mayai saba kabla hujaufikia mlango.

Siku moja binti akaniambia, "Wewe utawamaliza kuku wa Sindeni nzima. Kama una neno, nenda ukaseme kwa baba."

"Nyumba nitaijuaje?"

"Ulizia nyumba ya Ombasha. Hata mbuzi watakupeleka."

Ombasha! Neno lenyewe silijui. Kambini kulikuwa na Mngoni mmoja, mtu mzima kuliko sisi, nikamwuliza ombasha ni nani. Akasema ni cheo cha jeshi la Mjerumani, cha zamani, kabla ya vita ile kubwa, na mwenye cheo hicho alikuwa anatawala askari wasiohesabika. Rafiki yangu Mmakonde akasema hapana, ni zaidi ya hapo, ombasha alikuwa anakula meza moja na gavana. Basi mimi nikazichukua hizo habari mbili nikazijumlisha, nikaongeza na yangu kidogo ya kulainishia. Wiki haijaisha, kambi zote za mkonge zikajua kwamba nakwenda kuposa kwa mzee ambaye mfalme wa Wajerumani alikuwa hapigi chafya bila kumwuliza kwanza.

Nikaenda. Kutoka Korogwe mpaka Sindeni ni mwendo wa siku nzima kwa mtu mwenye miguu mizuri, na mimi nilikwenda kama napaa. Nilitegemea kukuta mtu mrefu kama nguzo ya simu, ndevu zinagusa tumbo. Nikakuta kizee kifupi, chembamba, kimekaa kwenye kigoda kinapukuchua mahindi. Koti la kaki limechakaa, limebaki na kifungo kimoja. Mgongo tu ndio ulionishtua. Ulikuwa umenyooka kama amemeza mpini wa jembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Korogwe, mzee. Kwenye mkonge."

"Na kwenu ni wapi?"

"Hapohapo kwenye mkonge."

Akaacha kupukuchua. Nikamweleza shida yangu, kwamba nimemwona binti yake, namtaka kwa heshima. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Nyuma yako yuko nani?"

Nikageuka nikatazama. "Kuna mbuzi tu, mzee."

Nyuma ya jiko nikasikia kifuniko cha chungu kimeanguka na mtu anajiziba mdomo asicheke. Mzee hakucheka. Akasema, "Nakuuliza watu wako, mwanangu. Mtu akija kuposa hapa, nawaona wajomba zake, nawaona baba zake wadogo. Najua binti yangu akiugua nani atakuja kumbeba. Wewe wa kwako wako wapi?"

"Wamekwisha, mzee."

Hapo mdomo wangu wote ule mrefu ukaishia. Akanitazama, macho yake si ya ukali. Akachukua hindi jingine, akapukuchua mistari miwili mitatu.

"Yuko fundi cherehani wa Chanika ya Handeni," akasema, "naye ameleta posa. Ana cherehani ya miguu na ana wajomba wa kujaza lori. Sijamjibu. Wewe nitakwambia neno moja. Jeshini hakuna mwenye mjomba. Watu wanatoka kila upande, unapewa kumi, hao ndio ukoo wako. Basi niletee watu kumi wa kukufuata. Nina shamba la kulima kabla mvua haijaanguka. Nitawatazama wao, halafu nitakutazama wewe."

Nilirudi Korogwe nachekelea. Nikawaza, mzee huyu amiri jeshi anataka kuona kama mkwe wake anaweza kuamuru watu. Sasa sisi watu wa mkonge mkubwa tunayemjua ni mmoja tu, ni nyapara. Hatujawahi kuona mkubwa mwingine. Nyapara anatangulia mbele, nyapara ana filimbi, ana fimbo, anakaa kivulini juu ya debe wakati wengine wanachomwa miba, na chakula kikija anaonja yeye kwanza. Kama nyapara wa mkonge yuko hivyo, ombasha wa mfalme itakuwaje? Nikaazima filimbi ya nyapara wetu. Nikaazima na kofia yake ya jua, ile ngumu kama sufuria. Ilikuwa kubwa, nikigeuza kichwa yenyewe inabaki inatazama mbele.

Watu kumi niliwapata bila shida, maana kambini hakuna aliyekuwa hajala mayai yangu. Mngoni, Mmakonde, Wanyamwezi wawili, na wengine, kila mtu na lugha yake. Wa kumi alikuwa Muha mmoja, mtu mkubwa, mpole, mzito wa mwendo. Akianza kuinua jembe sasa, unaweza kwenda kunywa maji ukarudi ukakuta linashuka. Lakini alichokilima kimelimwa, hakirudiwi.

Tukafika Sindeni jioni, tukalala, alfajiri tukaingia shambani. Nami nikakaa kivulini juu ya debe. Nikapuliza filimbi. Wenzangu wakalima. Nikapuliza tena, wakalima. Mmakonde akanong'ona, "Bwana harusi, ukipuliza mara ya tatu nakuja kukulimia kichwa." Nikapuliza ya tatu, taratibu. Mzee yeye alisimama pembeni na jembe lake mwenyewe, analima mstari wake.

Mchana mama akaleta sinia la ugali na kuku. Juu kabisa kaweka firigisi. Mnajua wenyewe firigisi huku kwetu ni ya nani. Ni ya mwenye nyumba, au ya mgeni wa heshima. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, mgeni wa heshima nikamwona ni mimi. Nikaichukua, nikaitia mdomoni, nikatafuna huku nawafanyia wenzangu ishara ya mkono kwamba sasa wanaweza kuanza. Na wao walikuwa wamelima tangu alfajiri, walilisafisha sinia lile mpaka likang'aa.

Mzee akaja, akasimama juu yetu. Akatuhesabu kwa kidole.

"Wa kumi yuko wapi?"

Firigisi bado iko shavuni. Nikasema, "Anamalizia mstari wake, mzee. Yule ni mzito kidogo."

"Atakula nini?"

Nikatazama sinia. Mifupa. Wakati huohuo Muha akatokea na jembe begani, jasho linatiririka, anatabasamu kama mtu aliyeitwa karamuni. Akaona sinia. Lile tabasamu hakuliondoa, alilikunja tu kidogo. Akasema, "Haidhuru," akachukua kata, akanywa maji, akakaa.

Mimi nimewahi kuchomwa na miba ya mkonge kila mahali mtu anapoweza kuchomwa, na pengine pasipowezekana. Hakuna uliouma kama ile haidhuru.

Mzee akakaa kwenye kigoda chake. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Nani alikwambia ombasha ni mtu wa filimbi?"

"Nilidhani, mzee."

"Neno hili si Kizigua, si Kijerumani. Mjerumani mwenyewe alilikuta. Alipokuja kuichukua nchi alileta askari wa Kinubi, watu wa Sudani, aliwachukua kule Misri. Hao Wanubi ndio waliotufundisha sisi kushika bunduki, na vyeo vyao walivipata kwa Waturuki waliowatawala huko kwao. Shaushi wangu, yule sajini aliyenifunza, alikuwa Mnubi. Siku niliyopewa cheo akaniita pembeni. Akaniambia, kwa Waturuki, *on* ni kumi. *Bash* ni kichwa. Wewe sasa ni kichwa cha watu kumi. Nikavimba kama wewe. Akanizaba kofi. Akasema, kichwa hakina tumbo. Tumbo wanalo wale kumi. Wakishiba wote, ndipo uangalie kama kumebaki."

Wenzangu wakainamisha macho. Mimi ile firigisi ikakataa kupanda, ikakataa kushuka.

"Si cheo kikubwa," mzee akasema. "Cha pili kutoka chini. Mwingereza siku hizi anakiita koplo. Lakini ukikibeba vizuri ni kizito kuliko cha jenerali, maana jenerali watu wake hawajui sura. Rudini Korogwe salama. Mmelima vizuri, ahsanteni. Wewe, filimbi irudishe kwa mwenyewe."

Basi. Tukaondoka. Ile kofia niliibeba mkononi, kichwa kilikuwa hakistahili.

Tumefika kwenye njia, mama akatukimbilia na kitu kimefungwa kwenye jani la mgomba. Hakunipa mimi. Alimpa Muha: ugali wa moto na mayai mawili. Halafu akanivuta kanzu, akaniambia, "Wewe mtoto, mbona umetuharibia? Miaka yote tangu atoke vitani, mume wangu hajawahi kutia tonge mdomoni kabla ya mtu wa mwisho katika nyumba hii. Nikijifungua alikuwa anangoja mpaka mtoto anyonye. Mimi hunichosha, chakula kinapoa, lakini ndivyo alivyo. Na binti yake alikuwa anakutaka." Akageuka akarudi.

Alikuwa anakutaka! Amesema alikuwa! Njia nzima mpaka Korogwe nilikuwa nalia, na nawaambieni ukweli, mto Ruvu, huu unaopita Korogwe, mwaka ule ulijaa si kwa mvua.

Wiki nne sikwenda sokoni. Wiki ya tano mama mmoja muuza asali wa Sindeni akaja mpaka kambini, akaniuliza mbele za watu, "Ndiye wewe mla firigisi? Nina maneno yako." Yalikuwa ya yule binti, na yule mama aliyatoa neno kwa neno, na sauti akaiga:

"Nimemwambia baba kwamba mtu asiyefundishwa atajulia wapi. Amenyamaza siku tatu. Sasa amesema uje kwenye palizi, Jumapili ya mwezi mchanga, wewe na kumi wako walewale, na jua lisipite utosini kabla hajawaona. Mshenga wa fundi cherehani naye ameambiwa aje kuchukua jibu siku hiyohiyo. Hayo ni ya baba. Langu mimi ni moja. Ukija na filimbi nitakutia nayo kwenye chungu."

Nilimbusu yule muuza asali mkono, akanipunga kwa kanga yake akidhani nyuki amemtua mkononi.

Ikafika Jumamosi. Tumekwishaomba ruhusa, tumekwishafunga majembe. Kitu gani kikatokea? Muha alikanyaga mwiba wa mkonge siku mbili kabla, mguu umevimba kama boga. Kutembea mpaka Sindeni hawezi. Mngoni akasema, "Mwache, tutamtafuta mwingine." Nikasema walewale. Mzee kasema kumi walewale.

Tukambeba mpaka barabarani, tukasubiri gari. Likaja lori la mfanyabiashara mmoja, linapeleka chumvi na mafuta ya taa Handeni. Dereva akatutazama, akahesabu.

"Juu ya mzigo napakia kumi. Polisi wakinikuta na kumi na moja, leseni yangu imekwenda."

"Ndugu yangu, huyu mmoja ni mwembamba," nikasema, najikunja.

"Hata uwe uzi. Kumi."

Hapo sasa. Lori linanguruma. Mmakonde akaruka chini, akasema, "Nabaki mimi. Wewe ndiye mwenye mke, ukichelewa wewe mke anakwenda kwenye cherehani." Kweli alivyosema. Nikipanda mimi na tisa, nafika leo hiihii, nalala, asubuhi niko shambani, jua halijapanda hata futi moja. Nikibaki, kwa miguu nitafika kesho, na sijui jua litakuwa wapi.

Nilitia mguu kwenye gurudumu kupanda. Haki ya Mungu niliutia. Halafu nikaisikia ile firigisi ya wiki tisa nyuma inanipanda kooni. Nikaushusha mguu. Nikamwambia Mmakonde, "Rudi juu. Mwangalie huyu mtu mguu wake usigongwe na madebe."

"Una kichaa."

"Rudi juu, bwana, kabla sijabadilisha mawazo."

Lori likaondoka, vumbi likaniachia mimi.

Safari ile siwezi kuieleza yote, mtalala. Niliivuka mito saba. Mke wangu anasema njia ile ina mto mmoja na vijito, lakini yeye hakuwepo. Nilikutana na simba watatu wamejipanga njiani kama vibarua wanaongoja kipande cha kazi, nikawaambia jamani mimi nimeshachunwa, hakuna kitu hapa, wakaona kweli, wakanipisha. Jua lilipozama nikafika kwenye boma la Wamasai, wakanipa maziwa na pa kulala, wala hawakuniuliza jina. Alfajiri nikashika njia. Viatu vya matairi vikakatika, nikavishika mkononi. Nikatembea, nikakimbia, nikatembea. Jua nalo likawa linapanda. Nikaliambia taratibu, baba, ngoja kwanza. Halikungoja. Likafika utosini mimi bado sijauona hata mbuyu wa mwanzo wa Sindeni, na lilipoanza kuinama nikaacha kukimbia. Nikawaza nitakwenda tu niwachukue watu wangu, nimwombe mzee radhi, nirudi kukata mkonge mpaka nife kama baba.

Nilipoikaribia nyumba, wa kwanza kuniona alikuwa mama. Alinijia na mwiko.

"Wewe! Wewe unataka kuniulia mume?"

"Mama, nimefanya nini?"

"Hajala! Tangu jana mchana hajala! Watu wako walishuka kwenye gari jana, akawahesabu, kumi. Akauliza kichwa chenu kiko wapi? Huyu mwenye mguu akasema, gari limekataa mtu wa kumi na moja, ametupakia sisi, yeye anakuja kwa miguu. Basi! Akachukua kigoda akakaa njiani. Nimepika usiku, hataki. Nimepika uji asubuhi, hataki. Hata Ramadhani ina futari, huyu futari yake ni wewe!"

Nikatazama. Mzee yuko pale kwenye kigoda, mgongo umenyooka vilevile, midomo imekauka. Nyuma yake shamba lote limepaliliwa, safi, na kumi wangu wamekaa wameshiba, Muha mguu umefungwa majani ya dawa. Mshenga wa fundi cherehani naye yuko kwenye mkeka, amevaa kanzu nyeupe, amenuna.

"Jua limepita, mzee," mshenga akasema. "Ulisema mwenyewe. Limepita, watu wote tumeliona."

Mzee alininyooshea kidole, kama siku ile ya mifupa.

"Kumi na moja," akasema. "Sasa tule."

Akamgeukia mshenga. "Fundi wako yuko wapi?"

"Ana kazi nyingi, mzee. Amenituma mimi."

"Mwambie aendelee kushona. Kanzu ya harusi hii ataishona yeye."

Binti akatoka jikoni na sinia, haniangalii, anacheka peke yake. Akaliweka kati yangu na baba yake, maana waliobaki bila kula tulikuwa sisi wawili tu. Juu ya ugali iko firigisi, ile ya jana, imepashwa moto mara tatu, nyeusi kama kisigino changu. Mzee akatoa kisu, akaikata katikati.

"Tulikuwa Rufiji," akasema, "tunarudi nyuma, Mwingereza anatufukuza. Chakula kilikuwa konzi moja ya mahindi kwa mtu. Siku moja njaa ilinizidi. Nikala changu kabla wa kumi hajafika, na yake nikala nusu. Nikasema nitamfidia kesho." Akafuta kisu kwenye paja. "Kesho tulikuwa tisa."

Alinisogezea nusu ya firigisi.

"Kula, mwanangu."

Nikatazama nusu yangu. Nikamtazama yeye, mtu ambaye hajatia kitu tumboni tangu jana kwa ajili yangu. Nikasema, "Anza wewe, mzee."

"Mimi huwa sianzi."

"Mimi nimefundishwa, mzee. Siwezi kuanza."

"Nakuamuru."

"Kichwa hakina tumbo, mzee. Ulisema."

Akanikazia macho. Nami nikayakaza ya kwangu. Ugali unapoa, nzi wameanza kuleta wajomba zao. Mmakonde akasema taratibu, "Hawa wawili watakufa hapa." Mshenga akasahau kununa, akasogea kutazama. Nikaona pembe ya mdomo wa mzee inacheza, na mimi tumbo linalia kwa sauti kama lori la chumvi, na bado hakuna aliyeinua mkono.

Mama akatupa mwiko chini. "Nitahesabu mpaka tatu, na wote mtatia mdomoni kwa mara moja, na atakayechelewa harusi hakuna! Moja! Mbili!"

Tulikula pamoja. Ilikuwa ngumu kama soli ya kiatu, tukaitafuna muda mrefu, tunatazamana, na machozi yananitoka, nikasingizia pilipili.

Mke wangu anasema aliposimama pale na sinia, akitutazama tunavyotafuna, ndipo alipojua kwamba nyumbani kwao sasa kuna vichaa wawili.